Nilimzika Bibi kwa Kiingereza, Naye Yuko Jikoni

Shangazi Generosa, shikamoo.

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki, na hata nilipokwenda kuungama kabla ya Pasaka nililiruka nikataja la kuchelewa misa. Shangazi, nimemuua bibi yangu. Usishtuke, yuko hai, namsikia hapa jikoni anakata viazi vya kuanika michembe na kumgombeza kuku, nimemuua shuleni, kwenye daftari la Kiingereza, nikapewa kumi na nane kwa ishirini, na sasa sijui nimfufueje.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, tunaishi nje kidogo ya Kahama. Mama yuko Nkome, huko ziwani, anaanika dagaa, baba yuko machimbo ya upande wa Geita, akija amekuja, asipokuja hatuulizi. Aliyenilea ni Bibi, mama yake mama, jina lake Mageni. Nyumbani tunasema Kisukuma, shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, na sasa masomo karibu yote ni Kiingereza, kwa hiyo mimi darasani ni mtu wa kuitikia tu. Mwalimu akiniangalia nasema ndiyo, akiniangalia tena nasema asante, nakaa.

Mwalimu wetu wa Kiingereza ni Madam Eunice, amehamia mwaka huu kutoka mbali, mpole, lakini mlangoni kwake Kiswahili unakiacha nje kama viatu. Kila wiki anatupa maneno mapya ishirini ya mada moja, tunayakariri, halafu kazi ya nyumbani ni kuandika insha yenye maneno yote ishirini, umepigia kila neno mstari. Wiki ya soko, wiki ya hospitali, wiki ya safari. Mwezi wa pili ikafika wiki ya msiba. Jeneza, kaburi, marehemu, rambirambi, kuomboleza, kufariji, yote hayo kwa Kiingereza, na akasema insha iwe ya kweli, mtu wako wa karibu, jambo ulilolipitia mwenyewe, maana tukitunga tunaandika maneno makavu.

Sasa Shangazi mimi sina marehemu wa karibu. Misiba nimekwenda mingi, nimechota maji, nimeosha masufuria, lakini waliokufa walikuwa wa watu. Nilikaa na taa mpaka Bibi akaniuliza kama nimelala macho wazi, na nilipomwangalia amekaa pale na blanketi lake mabegani nikaona huyu ndiye mtu wangu wa karibu kuliko wote, na maneno ishirini yakaanza kuingia yenyewe. Nikaandika aliugua mwezi wa kumi na mbili, nikaandika jeneza lilikuwa la mninga, nikaandika mvua ilinyesha tukiwa makaburini na watu hawakuondoka. Niliandika na jina lake kamili. Kwa Kiswahili nisingethubutu, kwa Kisukuma hata mkono ungekataa, lakini kwa Kiingereza, Shangazi, nakwambia ukweli wangu, niliona kama hafi mtu. Niliona kama hesabu tu, maneno ishirini, alama ishirini.

Amira tunayekaa naye dawati moja aliandika msiba wa mbuzi wao akapata tisa.

Madam Eunice aliporudisha madaftari langu hakulirusha kama mengine, alilileta mwenyewe. Macho yalikuwa mekundu. Akaongea maneno mengi kwa sauti ndogo na mimi nikashika machache: bibi, mlezi, pole. Akaniuliza kitu nikasema ndiyo. Akaniuliza tena nikasema ndiyo, madam. Baadaye Amira ndiye aliyenitafsiria, kumbe Madam alikuwa ananieleza kwamba bibi yake mwenyewe alifariki wakati yeye anapambana na habari za ajira, hakufika maziko, na akaniuliza kama mimi nilimuaga bibi yangu vizuri. Nami nikamjibu ndiyo.

Hapo ningesema. Najua. Nilifungua mdomo kabisa, Amira akanishika bega akasema, "Usijikaze, lia tu," basi nikalia, na nilikuwa nalia kwa sababu nimedanganya ila kwa macho ya watu ilikuwa ni ya msiba.

Jumatatu mstarini Madam akaitangazia shule nzima, akasema mwenzetu alibeba msiba likizo yote na hakuna aliyejua, hiyo si tabia ya kwetu. Tukasimama dakika moja ya kimya. Shangazi, nilisimama na mimi. Dakika moja ya bibi yangu, ambaye asubuhi ile alikuwa amenifungia viazi kwenye kitambaa. Tangu siku hiyo sifagii zamu. Amira ambaye mwaka jana alikuwa ananiita Bubu ndiye anayenibebea ndoo kutoka kisimani. Na hili linaniuma kulisema, nililipenda. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wananijua jina.

Nilidhani litapoa. Halikupoa. Kiranja wetu Benjamini, ambaye anapenda vikao kama mbunge, akaitisha kikao cha darasa akasema pole haina kuchelewa, kidato cha pili B tutakwenda nyumbani kwao Jumamosi baada ya mitihani ya nusu muhula, kila mtu na bakuli la mahindi au mchele, na wavulana wabebe kuni. Akanigeukia.

"Kaburi mmeshajengea?"

"Bado," nikasema.

"Basi na tofali tutaleta. Chokaa ipo stoo ya shule, nitaomba. Liko mbali na nyumba?"

"Si mbali."

"Vizuri. Mizigo tutaishusha hapo hapo."

Wanafunzi wa mtaa wetu wote walipangiwa shule nyingine, ndiyo maana hakuna anayejua kwangu. Jumamosi hiyo ni ya wiki ijayo, Shangazi. Watu arobaini na tatu watakuja na chokaa.

Hilo ni la shule. La nyumbani ni baya zaidi.

Bibi hakusoma, ila jina lake analijua. Alilijulia kwenye orodha ya wapiga kura, walimwonyesha akaliangalia mpaka likamkaa, na tangu hapo akiliona popote anaweka kidole. Wiki iliyopita alikuwa anatafuta karatasi ya kuwashia moto akafungua daftari langu akakutana na jina lake, na chini yake kumi na nane kwa kalamu nyekundu. Nimerudi namkuta amekaa kizingitini amelipakata kama mtoto.

"Umeniandika," akasema. "Na mwalimu amefurahi. Nisomee."

Shangazi, nilisoma. Nilishika daftari nikafuata mistari kwa kidole, mstari wa jeneza, mstari wa kaburi, na mdomoni nikawa natoa mengine kwa Kisukuma. Kwamba bibi yangu alinibeba mgongoni kutoka shambani mpaka zahanati siku niliyopatwa na degedege. Kwamba viazi vikubwa ananiwekea mimi anasema yeye meno yanamuuma. Kwamba anaimba vibaya lakini anaimba. Alicheka hapo. Halafu akafuta macho kwa ncha ya khanga akasema, "Wabeja, ng'wana wane," yaani asante mwanangu, na usiku huo hakula.

Sasa amewaambia majirani wote. Na amesema Jumapili, siku moja tu baada ya darasa langu kuja, kwenye mkutano wa kikundi chao cha kufa na kuzikana, daftari lisomwe mbele ya wenzake, lakini si na mimi, anasema mimi nina aibu nasoma kwa haraka. Atasoma Sabiti, mtoto wa jirani, anasomea ualimu Shinyanga na wiki ijayo yuko likizo. Sabiti Kiingereza anakijua. Atafungua atakutana na jeneza la mninga.

Nilijaribu kwenda kwa Madam. Nilifika hadi mlango wa ofisi ya walimu, nikabisha, akasema karibu, nikaanza kwa Kiswahili, naye akatabasamu akaninyooshea kidole cha utani kwamba nijaribu kwa Kiingereza. Nilikuwa na maneno ishirini ya kumzika mtu na sikuwa na hata moja la kumfufua. Nikasema asante, madam, nikatoka.

Sasa sijui. Wakati mwingine nafikiri nichane daftari niseme limeibiwa. Wakati mwingine nafikiri nitoroke niende Nkome kwa mama nianike dagaa, yaishe. Nafikiri nimwambie Bibi, halafu naogopa, maana Bibi ni mtu ambaye ukimwota amekufa hutakiwi hata kumsimulia, je, kuandika? Na kama akiumwa kweli? Juzi alikohoa, nikatoka nje nikakaa nyuma ya choo mpaka alipoacha. Nafikiri nimwambie mwalimu kwanza. Nafikiri nisimwambie mtu. Nikifikiri kwa Kiswahili naona ni kosa dogo la mwanafunzi, nikifikiri kwa Kisukuma naona nimefanya jambo la kufukuzwa nyumbani, na kwa Kiingereza sifikirii kitu, kuna kelele tu. Nianze wapi, Shangazi, na kwa nani?

Nasikia kandambili zake zinakuja huku chumbani. Siku zote akija nafunika karatasi kwa kiwiko. Jina lake nimeliandika pale juu na atalitafuta. Leo siifuniki, sijui kwa nini, mkono wenyewe umekataa

Mimi,
Mwanafunzi wa Kahama

JIBU LA SHANGAZI GENEROSA

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifikia Jumatatu na gazeti linatoka Alhamisi. Mwanamke mmoja wa Songwa aliyeniandikia habari za wifi zake anivumilie wiki moja. Wifi watakuwepo tu, Jumamosi haingoji. Majina yote nimeyabadili, la Bibi likiwa la kwanza, kwa hiyo pumua.

Nitasema ukweli: nilicheka. Nilicheka kwenye mbuzi wa mwenzako na kwenye chokaa nikacheka mpaka mhariri akaja kuchungulia. Nilipofika kizingitini, pale Bibi amelipakata daftari, sikucheka tena.

Kwanza nikukaripie, maana umekuja kwa shangazi. Unasema kwa Kiingereza uliona hafi mtu. Mwalimu wako je, alilia kwa lugha gani? Kuna watu duniani wanazika mama zao kwa Kiingereza hicho hicho, na udongo ni udongo. Neno usilolijua uzito wake haliwi jepesi. Wewe ndiye hujalibeba.

Lakini tusikuzidishie. Mtoto aliyepewa maneno ishirini ya msiba akaambiwa alete msiba wa kweli, na hana, atautoa wapi? Kutunga insha si kuua. Kosa lako halikuzaliwa usiku ule wenye taa. Lilizaliwa mstarini, katika ile dakika moja ya kimya, na likakua kila asubuhi ulipomwachia mwenzako ndoo. Ulikuwa mpweke, ukapata kupendwa kwa tiketi ya uongo, ukaona heri hiyo. Nakuelewa. Bado ni wizi. Hayo machozi ya mwalimu wako hayakuwa ya bibi yako, yalikuwa ya bibi yake, na umeyapokea ukaweka mfukoni.

Habari ya kuchana daftari, hapana. Habari ya Nkome, hapana kabisa, mama yako ana dagaa za kutosha. Na kikohozi ni kikohozi. Bibi yako anapuliza moto wa kuni miaka sitini, ungeshangaa asipokohoa. Hakuna insha iliyowahi kumpa mtu kifua. Kinachoweza kumuumiza ni Sabiti. Bibi amevaa khanga yake nzuri, amekaa mbele ya wenzake wa kuzikana, anasubiri sifa zake, na kijana wa jirani anamsomea jeneza. Hilo ndilo la kuzuia, mengine yote yanafuata.

Kwa hiyo unaanza na Bibi. Leo. Hata kama siku ile aliliona jina lake kwenye barua hii, bado hajui limeandikiwa nini. Kabla ya mwalimu, kabla ya darasa, kwa sababu aliyezikwa ana haki ya kusikia kabla ya waombolezaji. Mwambie kwa Kisukuma, hakuna cha kukimbilia lugha nyingine. Akisema umemchuria kifo, usibishe. Akisema kwenu kuna namna ya kulifuta neno baya, maji au majivu au vyovyote, fanya anavyotaka bila kumwambia kwamba shuleni mmefundishwa vingine. Akinyamaza siku nzima, pika, osha vyombo, mwache anyamaze.

Kisha mwambie jambo ambalo wewe mwenyewe hujaliona. Uliandika uongo, lakini ulipomsomea ulisema kweli. Degedege ni kweli? Viazi vikubwa ni kweli? Basi hayo ndiyo yaandikwe, kwa lugha aliyoyasikia, kurasa ngapi sijui, na kama bado anataka Jumapili, apewe Sabiti asome hayo. Kama hataki tena, ni haki yake, usimbembeleze.

Kesho, Ijumaa, nenda kwa mwalimu. Usimburute Bibi shuleni kama kielelezo cha mahakamani. Nenda peke yako. Ulimi ukikataa, mkono wako haukukataa kuniandikia kurasa nne. Mwandikie kwa Kiswahili, mpe, simama hapo hapo asome, usikimbie. Mwombe afute zile kumi na nane aweke sifuri, na umpe pole ya bibi yake, hiyo ya kweli, maana naona shule nzima ilisimama kwa ajili ya bibi asiye wake na yeye hakuna aliyemwambia pole.

Atakasirika. Ana haki. Anaweza kukuadhibu, na adhabu utaibeba. Na wewe mwalimu, kama unasoma hapa, nakuheshimu, mtoto huyu anakupenda. Lakini siku mtoto anabisha mlango wa ofisi na uso ule, mruhusu aingie na lugha yoyote aliyokuja nayo. Kiingereza chenu kingemngoja nje dakika tano, kisingekufa.

Kiranja wako aambiwe Ijumaa hiyo hiyo, kabla kuni hazijafungwa. Kila mtu arudi na bakuli lake, chokaa irudi stoo, na usikubali hata punje moja ibaki kwenu kwa kuoneana haya. Watakucheka. Usitegemee huruma hapo. Watakuita Mfufuaji mpaka kidato cha nne, na huyo wa dawati lako ndiye atakayelianzisha. Siku ya kwanza utatamani ardhi. Siku ya kumi utageuka uitike. Ndoo ubebe mwenyewe, na zamu zote ulizoruka za kufagia uzilipe bila kuambiwa. Atakayekubebea ndoo baada ya hapo, huyo shika, ni rafiki.

Sasa nenda. Usiniambie kwamba hukupata nafasi, gazeti hili linauzwa asubuhi na jua bado lipo. Mwamkie kwanza, shikamoo yako iwe ya sauti. Kaa chini, si juu ya kigoda, chini. Usianze na samahani, samahani inampa mtu kazi ya kusamehe kabla hajajua nini. Anza na tendo: Bibi, niliandika kwamba umekufa. Halafu funga mdomo, usimalizie, usieleze, usilie kwa nguvu ili akubembeleze. Mwache Bibi aseme.